"Sawa" ya saa tisa usiku

*Wanaofanya kazi za mtandaoni husifiwa kwa uhuru wa kujipangia muda. Mwandishi wetu amekaa na baadhi yao jijini Dar es Salaam kujua muda huo hasa ni wa nani.*

Na Mwandishi Wetu

Simu ilikuwa kimya, ila iliwekwa juu ya stuli, karibu mno na glasi. Ilipotikisika, glasi nayo ikalia. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika nane usiku, Sinza, na dada mmoja mchoraji wa nembo akanyoosha mkono gizani kabla macho hayajafunguka.

California ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika nane jioni. Mteja anafunga ofisi, anakumbuka jambo, anaandika, anaondoka zake. Alitaka kijani cha nembo kichangamke zaidi kidogo. Dada akajibu kwa neno moja la Kiingereza ambalo kwetu ni "sawa", akawasha kompyuta, akakaa nayo hadi adhana ya alfajiri.

Faili alilituma kabla jua halijatoka. Mteja alilifungua siku mbili baadaye.

Nilimwomba anionyeshe ujumbe ule. Aliutafuta, akanipa simu niusome mwenyewe. Mistari miwili, salamu na ombi. Neno "haraka" halimo.

> Mteja hakuandika neno "haraka". Haraka ile dada aliiongeza mwenyewe.

Hakutaka jina lake liandikwe. Wateja wake hawajui Kiswahili, alisema, lakini siku hizi mashine zinatafsiri kila kitu.

Mhariri aliponipa kazi hii alitaka niandike jinsi frilansa, yaani mfanyakazi huru wa mtandaoni, anavyoweza kupanga muda wake na kuwekeana mipaka na wateja. Nilikubali upesi kuliko kawaida yangu. Kabla ya kuajiriwa gazetini niliishi miaka minne kwa kunukuu sauti za watu wa mbali kuwa maandishi, na ile "sawa" ya saa tisa usiku naijua. Nimeiandika mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Soko lisilofungwa

Kazi zenyewe hazihitaji tena maelezo marefu: tafsiri, unukuzi wa sauti, nembo, kuhariri video, kutengeneza tovuti, kujibu barua pepe za kampuni za watu. Wenzetu Wakenya wana mpango wa serikali wa kuwafunza vijana kazi hizi, Ajira Digital, tangu mwaka 2016. Kwetu wengi niliokutana nao walifundishwa na rafiki, na video za YouTube, na kwa kuumia.

Anayeanza huingia kwenye masoko makubwa kama Upwork au Fiverr. Humo kila kitu kina bei, hata kuomba kazi. Upwork huuza vitiketi vya kuombea kazi, wenyewe huviita Connects, kila kimoja senti 15 za dola, na ombi moja hula vitiketi kadhaa. Ukipata kazi, soko linakata chake. Fiverr hukata asilimia 20 ya kila malipo ya muuzaji. Upwork ilikuwa na asilimia 10 kwa wote kuanzia 2023, kisha mwaka 2025 ikaleta makato yanayotofautiana kwa kila mkataba, hadi asilimia 15.

Fikiria unukuzi, kazi niliyoifanya. Mteja hulipa kwa dakika ya sauti, si kwa dakika yako. Saa moja ya sauti safi, kwa mtu aliyezoea, hula takriban saa nne za kusikiliza, kurudisha nyuma na kuandika. Tuseme analipa nusu dola kwa dakika ya sauti. Hizo ni dola 30. Gawanya kwa saa nne, unapata dola saba na nusu kwa saa. Sauti ikiwa mbaya, watu watatu wanaongea pamoja na feni inavuma, saa nne zinakuwa sita na dola saba na nusu inakuwa tano. Toa makato ya asilimia 10, baki na nne na nusu. Halafu mteja anaomba umwongezee muda ulioandikwa pembeni ya kila aya, jambo ambalo halikuwamo, nawe unasema sawa.

Hapo ndipo mpaka unapovunjwa, na wala hakuna aliyegombana. Hakuna mteja mbaya katika hesabu hii. Kuna saa moja imeongezwa na haikulipiwa.

Kwa kazi za malipo ya saa ni kinyume chake: hapo soko ndilo linalokuwekea mipaka. Programu ya Upwork hupiga picha skrini yako mara sita kwa saa, kwa nyakati usizozijua. Ukienda kuondoa maziwa jikoni, picha itaonyesha kompyuta isiyoguswa. Mama mmoja wa Tabata aliniambia kwamba aliacha kazi za saa kwa sababu ya mtoto anayenyonya. Kwa kazi za bei moja anaweza kunyonyesha bila kupigwa picha.

Saa tatu ukutani

Kiswahili kinahesabu saa tangu jua linapochomoza. Naipenda hesabu hiyo, lakini kwa mtu anayefanya kazi na New York ni mtego. Kompyuta imeandika 15:00, mdomo unasema saa tisa, mteja kwake ni 8:00 asubuhi. Mtu mmoja, saa tatu, na zote ni sahihi.

Tena si za kudumu. Wamarekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatusogezi chochote. Kwa hiyo mkutano wa saa tatu asubuhi ya New York wakati wa baridi ni saa kumi na moja jioni hapa, na baada ya Machi unakuwa saa kumi.

Hilo nililijua kwa gharama. Jumatatu moja ya Machi nilivaa shati lililopigwa pasi, nikajaza bando, nikamwomba jirani apunguze redio, nikaingia mkutanoni saa kumi na moja kamili. Chumba kitupu. Nilikuwa nimewahi kwa saa yangu na kuchelewa saa nzima kwa saa yao. Mteja hakugomba. Aliandika kwa adabu kwamba watanitafuta, na ile "tutakutafuta" nadhani mnaifahamu.

Tangu hapo kila muda niliokubaliana na mteja niliuandika kwa saa mbili, yake na yangu, kwa mtindo wa saa 24, pamoja na tarehe. Tarehe ni muhimu: Ijumaa jioni ya California kwetu tayari ni Jumamosi usiku wa manane. Anayeahidi "Ijumaa" bila kusema Ijumaa ya nani ameuza Jumamosi yake bure.

Kijana wa Mabibo na mzee wa Kijitonyama

Kuhusu mipaka, watu niliozungumza nao walikuwa pande mbili, na kila upande una mtu wake aliyenikaa kichwani.

Wa kwanza ni kijana wa Mabibo anayehariri video. Hoja yake haina mapambo. Mipaka ni ya wenye nyota. Mtu asiye na hata maoni matano ya wateja waliomsifu akianza kuandika masharti, mteja anashuka chini kidogo kwenye orodha, anamkuta Mfilipino au Mpakistani asiye na masharti, biashara imekwisha. Isitoshe, Fiverr humwonyesha mnunuzi wastani wa muda unaochukua kujibu. Kulala, kwa lugha ya soko, ni kupunguza thamani ya bidhaa.

Alichofanya ni kuugeuza usiku kuwa mchana. Anaanza kazi saa mbili usiku, anamaliza saa moja asubuhi, anakunywa chai, analala hadi saa nane mchana. Wateja wake wa Marekani hawajawahi kumkuta hayupo. Anayepata tabu ni kila mtu mwingine: mama yake anayempigia saa nne asubuhi, fundi wa kuchomelea mageti aliye nyuma ya dirisha lake, na mwenye nyumba anayegonga mlango adhuhuri akiamini ndani kuna kijana mvivu.

Nilipomwambia kwamba naye kumbe ana mipaka, alicheka. Ni kweli anayo. Kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana simu yake imezimwa na hata mteja wa London hamgusi. Ila hakuipanga kama mpaka. Aliipanga kama usingizi.

Wa pili ni mfasiri wa Kijitonyama, mtu mzima, ambaye kabla ya kazi hii alikuwa afisa utumishi kwenye kampuni. Yeye anaanza na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 aliifanyia kazi kwa miaka, na anaitaja kama wengine wanavyotaja matokeo ya Simba na Yanga. Mwajiriwa wa Tanzania hafanyi zaidi ya saa 45 za kawaida kwa wiki wala zaidi ya saa tisa kwa siku. Saa za ziada zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na kila moja hulipwa mara moja na nusu. Kazi ya usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya angalau asilimia tano ya mshahara kwa kila saa. Na kila wiki kuna mapumziko ya saa 24 mfululizo.

Alipoacha ajira, anasema, alijiuliza ni nani sasa atakayemlipa ile asilimia tano. Akajibu: mimi mwenyewe nitaidai, na sitadai tano.

Alinionyesha aya anayoituma kwa kila mteja mpya kabla ya kugusa kazi. Ameiandika kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi:

*"Nipo kazini Jumatatu hadi Ijumaa, 09:00 hadi 18:00, kwa saa za Afrika Mashariki. Ujumbe ukifika nje ya muda huo nitaujibu siku ya kazi inayofuata. Bei tuliyokubaliana ina masahihisho mawili. Kuanzia la tatu kuna malipo. Kazi ya usiku au ya mwisho wa wiki inawezekana tukikubaliana kabla, kwa nyongeza ya nusu ya bei. Umeme au intaneti ikikatika nitakujulisha mara tu nitakapoweza, na tarehe itasogea kwa muda uleule uliopotea."*

> "Kazi ya usiku inawezekana tukikubaliana kabla, kwa nyongeza ya nusu ya bei."

Angalieni sentensi ya usiku. Haisemi "hapana". Mzee huyu haamini katika "hapana", na katika hilo nadhani ametushinda wengi tuliosoma ushauri wa kigeni unaotutaka tujifunze kukataa. Mswahili aliyelelewa vizuri hakatai mtu uso kwa uso. Atasema tutaona, atasema inshallah, atasema ngoja niangalie. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajifunze kusema hapana ni kumwambia abadili malezi. Kumpa bei ya kutaja ni rahisi zaidi. Mteja akisikia bei, mara nyingi anagundua mwenyewe kwamba kazi inaweza kusubiri asubuhi.

Nani yuko sahihi? Kijana anasema kweli kuhusu miezi ya mwanzo. Nilikuwa na wasifu mtupu, najua: hata ungeniambia nicheze ngoma kwenye kamera ningekubali. Kosa lake ni kudhani soko litamwambia siku ya kubadilika. Halisemi. Wapo wenye miaka mitano na nyota zote ambao bado wanajibu saa tisa usiku, na dada wa Sinza alikuwa mmojawao.

Undugu bei

Mteja wa mbali angalau huandika. Wa nyumbani hutuma sauti.

Wachoraji wanaofanya kazi na wateja wa hapa hapa walinisikilizisha ujumbe wa sauti wa WhatsApp hadi nikachoka: dakika nne za salamu, habari za foleni ya Ubungo, mtoto analia nyuma, kisha mwishoni kabisa, kwa sauti ya chini kidogo, "halafu ile namba ya simu kwenye bango tuibadilishe". Ukiukosa mwisho, umeikosa kazi. Dada wa Sinza sasa ana sheria moja ambayo haivunji: sauti anasikiliza, lakini hagusi kitu hadi ameandika alichoelewa kwa mistari michache na mteja amejibu ndiyo. Anasema hicho ndicho kilichompunguzia ugomvi kuliko chochote kingine.

Halafu kuna undugu. Binamu anafungua saluni, anataka nembo, "nifanyie tu ya kawaida". Mchungaji anataka kipeperushi. Rafiki wa shule anataka tovuti, "wewe si unajua, ni dakika mbili". Bei ya undugu haina namba, na isiyo na namba haina mwisho. Nilisikia habari ya nembo moja ya saluni iliyobadilishwa mara 11, na kila aliyepita saluni alikuwa na maoni.

Dawa waliyoipata ni ya kale: kishika uchumba. Nusu kabla ya kuanza, hata ikiwa nusu ya elfu ishirini. Ukishalipa unajua unataka nini. Ambaye hajalipa kitu ana kila sababu ya kuendelea kutafakari.

Kwenye masoko ya nje kazi hiyo hufanywa na mfumo. Kwa kazi za bei moja Upwork humtaka mteja aweke pesa kwanza, na ukishawasilisha kazi akakaa kimya, baada ya siku 14 malipo yanaachiliwa yenyewe. Fiverr huihesabu kazi imekamilika baada ya siku tatu. Wengi hawazijui tarehe hizi, kwa hiyo siku ya pili wanaanza kumwandikia mteja kumuuliza kama ameridhika, na anayeulizwa kama ameridhika hutafuta kitu cha kurekebisha.

"Yuko tu nyumbani"

Mteja ni nusu ya shida. Nusu nyingine iko sebuleni.

Mtu anayetoka asubuhi na begi anaheshimiwa kwa begi lake. Anayefanya kazi chumbani ndiye atakayemsubiri fundi bomba, kununua umeme wa LUKU na kuangalia maharage. Kompyuta imewashwa, lakini machoni pa nyumba nzima hana kazi, maana kazi ni pale unapokwenda. Mama wa Tabata alihamia kufanya kazi kwa jirani saa mbili kwa siku. Si kwa sababu kwa jirani kuna utulivu, bali kwa sababu kule anaonekana amekwenda.

Halafu kuna msiba. Hapa sina ushauri, na sijakutana na mwenye nao. Mjomba amefariki Morogoro, gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, utakaa siku tatu. Mteja wa Uholanzi atakupa pole na kukuuliza kama kazi itakuwa tayari kesho, kwa sababu kwao mazishi ya mjomba ni saa mbili za mchana. Unamwelezaje kwamba kutokuonekana hapo kutakumbukwa kwa miaka, na kwamba kukaa msibani ukichungulia simu ni vibaya kuliko kutokuja? Mfasiri wa Kijitonyama huandika "jambo la kifamilia, narudi tarehe fulani" na haelezi zaidi. Kijana wa Mabibo alihariri video nyuma ya basi la msiba. Mimi mwaka fulani nilinukuu mahojiano ya saa moja na nusu kwenye banda la kuku la shangazi, kwa sababu ndiko mtandao ulikokamata. Sauti za kuku zilinisumbua, lakini zaidi ilinisumbua sauti ya wanawake wakiimba upande wa pili.

Sheria za wenye ofisi

Nchi za wateja wetu zimeanza kulinda jioni za watu wao. Ufaransa imekuwa na haki ya mfanyakazi kujitenga na simu na barua pepe za kazi baada ya muda wa kazi tangu Januari 2017. Australia ilifuata Agosti 2024. Nchini Kenya, Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alipeleka muswada wa namna hiyo, na shirikisho la waajiri likaupinga.

Sheria zote hizo ni za mwajiriwa na mwajiri. Kwa hiyo yawezekana kabisa mtu wa Paris, mwenye haki ya kutomjibu bosi wake saa tatu usiku, akatumia utulivu huohuo kukuandikia wewe.

Sheria zetu zina kifungu kinachomdhania kuwa mwajiriwa mtu ambaye saa zake za kazi zinaongozwa na mwingine, au anayemtegemea mmoja kwa kipato. Kimo kwenye Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004. Mfasiri alinitajia huku akitabasamu, kisha akauliza swali lililomaliza mjadala: ukishadhaniwa mwajiriwa wa mtu aliye Oregon, utamshtaki wapi?

Hatari ya kuendelea hivi si ya kufikirika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana uwezekano wa kupata kiharusi ulio juu kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40, na wa kufa kwa ugonjwa wa moyo ulio juu kwa asilimia 17. Nilimwomba dada wa Sinza ahesabu wiki yake. Alianza na saa alizolipwa, zikawa 31. Tukaongeza za kuomba kazi, za kujibu, za masahihisho ya bure na za kumsubiri mteja aamke. Tulipofika 58 akafunga daftari.

> Saa alizolipwa: 31. Saa alizokaa na kazi: 58.

Waya ukikatika

Kuna mipaka mingine ambayo hakuna aliyeiomba. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizokosa intaneti zaidi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa siku kadhaa.

Mara ya kwanza waliokuwa na akiba ya siku moja walipona. Mfasiri hujipangia kumaliza siku moja kabla ya siku aliyoahidi, na Mei ile alikuwa ameshatuma. Oktoba akiba hiyo haikutosha mtu. Kijana wa Mabibo alirudi mtandaoni akakuta mkataba umefungwa na maoni ya nyota moja, yameandikwa na mtu aliyeamini amekimbiwa. Mfasiri alikuta jumbe tano, wa kwanza wa hasira, wa mwisho wa wasiwasi kama yuko salama. Ile sentensi yake ya umeme na intaneti ilikuwa imekaa kwenye barua tangu Machi. Mteja alikuwa ameirudia kuisoma.

Nilirudi Sinza wiki iliyopita. Stuli iko palepale, glasi ipo, simu haipo. Sasa hulala jikoni kwenye chaja. Nilimuuliza kama amempoteza mteja wa California. Hajampoteza. Alimwandikia kwamba atakuwa anajibu asubuhi ya Dar es Salaam, na mteja akajibu kwamba siku zote alidhani ana timu ya watu wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku.

Makala haya nilikuwa nimeyamaliza juzi. Saa tano kasoro robo usiku, niko kitandani, mhariri wangu akaniandikia: kuna nafasi imebaki ukurasani, niongeze maneno mia tatu, ikiwezekana kabla ya saa mbili asubuhi.

Niliandika jibu refu, lenye adabu, lenye bei. Nikalisoma. Nikalifuta.

"Sawa," nikamjibu.